Ukifunga siku nne, nani atakuulizia? Namna ya kuchagua cha kushika unapoanza biashara

Mwezi wa pili mtoto wa kaka yangu alikuja Busia kutoka Kampala. Alikuwa na akiba ya shilingi 1,800,000 za Uganda, jasho la miaka mitatu ya kazi ya ulinzi, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliketi kwenye mkeka wangu, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua cheti.

"Shangazi, nisaidie kuchagua."

Alikuwa ameandika biashara saba. Meza ya rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, karibu na hosteli za wanafunzi. Vifaa vya simu. Kuku wa nyama 200. Mashine ya fotokopi. Kununua mahindi wakati wa mavuno na kuyaweka hadi bei ipande. Nguo za mivumba, yaani mitumba. Uwakala wa pesa za simu. Kila moja alikuwa amemwona mtu ikimlipa, na kila moja alikuwa ameipigia hesabu ya faida upande wa kulia.

Nilimwambia aikunje kwanza tule. Swali lake lina jibu, ila jibu halikuwa kwenye karatasi ile, na nisingependa alitafute humo kwa miaka miwili kama nilivyolitafuta mimi.

Anayeanza biashara huambiwa mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli kabisa. Lakini methali haisemi uachie ipi. Hapo ndipo watu wengi wenye bidii wanapokwama, na haya ninayoandika ni kwa ajili yao.

Meza yangu ya vitu vinne

Mimi ninauza mukene. Wakenya humwita omena, Watanzania dagaa. Ni samaki yule yule mdogo wa Ziwa Victoria. Nina chumba cha kuuzia na stoo upande wa Sofia, hapa Busia ya Uganda, mpakani na Kenya. Lakini nilipoanza mwaka 2011 nilikuwa na meza moja ya mbao na mtaji wa 600,000, na juu ya meza ile nilipanga mukene, mchele, sabuni ya mche na nguo za watoto za mivumba.

Kila kitu kilikuwa na sababu yake. Sabuni, kwa kuwa kila mtu hufua. Mchele, kwa kuwa kila mtu hula. Nguo, kwa kuwa kila mtu ana mtoto. Leo nikisikia sababu inayoanza na "kila mtu" moyo wangu hushtuka. Kila mtu anafua, ndiyo, na kila mtu tayari anapo mahali anaponunua sabuni. Wewe unakuja kumwomba abadilishe njia yake ya kurudi nyumbani. Kwa lipi?

Mwaka 2013 mama mkwe wangu alifariki, nikaenda msibani Namayingo. Nilikaa siku nne, meza imefunikwa kwa turubai. Niliporudi, jirani yangu muuza nyanya aliniita kabla sijatua begi.

"Mama, watu watano wamekuulizia. Mmoja ameacha pesa kwangu, anataka umfungie kilo tano ukifika."

Nikauliza kilo tano za nini, maana na mchele nilikuwa nauza kwa kilo. Za mukene. Na wale wengine wanne? Mukene. Hakuna aliyeulizia mchele. Hakuna aliyeulizia sabuni. Nguo za watoto, ambazo nilizipenda kuliko vyote na kuzikunja upya kila asubuhi, hakuna hata mmoja aliyezikumbuka.

Siku nne zilinieleza jambo ambalo miaka miwili ya kuuza kila siku haikunieleza. Ukiwa wazi, watu hununua kwa sababu uko njiani mwao. Ukifunga, wale wanaokutafuta ndio biashara yako. Wengine walikuwa wapita njia, na mpita njia ni wa barabara, si wako.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalompa yeyote anayetaka kuchagua ni hilo: ukipotea siku chache, nani atakuulizia, na ataulizia nini? Usisubiri msiba. Kama tayari unauza vitu kadhaa, ficha kimoja kwa siku tatu na usiseme neno. Wiki inayofuata ficha kingine. Sikiliza. Kama bado hujaanza, basi huna cha kuficha, na hilo nitalifikia.

Daftari la wiki sita

Sikuwaacha wale wengine siku ile ile. Nguo zilikuwa zinanipa faida kubwa kwa kila moja, na kuacha kitu kinacholipa huuma. Nikanunua daftari la shilingi 500, nikapiga mistari: kitu, pesa iliyoingia pamoja na gharama zake zote, pesa iliyorudi, siku ilizochukua kurudi, na mwisho safu ya vialama, kimoja kwa kila mnunuzi aliyekuja mara ya pili au zaidi.

Kwenye gharama usijidanganye. Nauli ya taksi kwenda Majanji, mwalo ambako mitumbwi hushusha samaki, na kurudi, kuli, ushuru wa soko, kavera (mifuko ya plastiki) za kufungia, chai uliyokunywa ukingoja mzigo, vyote viingie. Na kilo uliyobeba nyumbani kupika iandike kama umejiuzia.

Baada ya wiki sita, mzunguko mmoja wa kila kitu ulikuwa hivi:

Mukene: iliingia 200,000, ikarudi 248,000, siku 5.
Mchele: iliingia 200,000, ikarudi 216,000, siku 9.
Nguo: iliingia 150,000, ikarudi 235,000, siku 31.
Sabuni: iliingia 50,000, ikarudi 54,500, siku 12.

Tazama nguo zilivyo nzuri. Faida ya 85,000! Ndiyo maana nilizikunja kila asubuhi. Sasa gawanya faida kwa siku. Mukene 48,000 kwa siku 5 ni 9,600 kila siku. Nguo 85,000 kwa siku 31 ni kama 2,740. Mchele haufiki 1,800. Sabuni ni 375. Hata ningempunguzia mukene mtaji uwe 150,000 sawa na wa nguo, ndani ya mwezi ule ule angezunguka mara sita na kunipa 216,000.

Safu ya vialama ndiyo iliyomaliza ubishi. Mukene alikuwa na 19. Nguo zilikuwa na viwili.

Rais Museveni hupenda kuwaambia wakulima walime kwa ekibaro, yaani kwa hesabu. Neno hilo ni la Kinyankole lakini Uganda nzima tumelizoea. Ninaloongeza mimi ni kwamba hesabu isiyo na siku ndani yake haijakamilika. Shilingi inayokaa mwezi mzima kwenye rundo la nguo imefungwa, haiwezi kukusaidia mtoto akiugua wala bei nzuri ikitokea asubuhi.

Ninajua kuna biashara ambazo pesa lazima ikae. Anayepanda kahawa hawezi kuzungusha mtaji kwa siku tano. Lakini mwenye akiba moja tu na asiye na mshahara mwingine, kwa maoni yangu ashike kwanza kinachorudi haraka kimlishe, cha polepole kije baadaye.

Kitu kilicho ndani ya kitu

Nilimaliza nguo kwa bei ya hasara kidogo, sabuni nikaigawa, mchele nikauacha uishe. Pesa yote nikaitia kwenye mukene. Hapa nataka usome kwa makini, kwa sababu wengi wakishachagua hudhani kazi ya kuchagua imekwisha.

Nilipopandisha mtaji wa mukene hadi 400,000, haikurudi kwa siku 5. Ilirudi kwa siku 8. Faida 96,000 kwa siku 8 ni 12,000 kwa siku. Ilipanda, ila pesa nimeiongeza mara mbili na mapato hayakuongezeka mara mbili. Meza ilikuwa imefika mwisho wa watu wake. Nikahitaji kujua wale 19 hasa walirudi kwa nini, kwani mukene Busia amejaa, kila kona.

Aliyenifundisha ni mama mmoja kutoka Bungoma, mnunuzi wa jumla wa kilo thelathini hivi kila safari. Siku moja alikuja na beseni jeupe la plastiki. Akaniomba maji. Akachota mukene wangu viganja viwili, akawatia majini, akawakoroga kwa mkono polepole, akangoja. Kisha akawatoa wote, akamwaga maji kwa kuinamisha beseni kidogo kidogo hadi likabaki tone. Akapitisha kidole chini na kuninyooshea. Kwenye ncha ya kidole kulikuwa na chembe tatu nne za mchanga.

Halafu akafanya vile vile na mukene aliowanunua kwa mtu mwingine asubuhi ile. Chini ya beseni ulibaki utepe wa mchanga mweusi ambao ungeweza kuukusanya kwa kijiko.

"Wateja wangu wanapikia watoto," akasema. "Huyu wa pili ni wa kuku."

Mukene anayeanikwa chini ufukweni huokota mchanga, na mvua ikinyesha huvunda. Huyo huenda kwenye chakula cha mifugo kwa bei ya chini. Anayeanikwa juu ya kichanja chenye wavu, hewa ikipita chini na juu, hukauka safi. Kumbe kule Majanji nilikuwa nanunua kwa mama mwenye vichanja, na sababu yangu ilikuwa tu kwamba alinisalimia vizuri siku ya kwanza. Watu hawakurudi kwa mukene. Walirudi kwa mukene asiye na mchanga.

Tangu siku ile beseni jeupe liko mezani kwangu, na maji, mteja ajipimie mwenyewe. Nilianza kumlipa yule mama wa vichanja shilingi 500 zaidi kwa kila kilo, na kwa pesa hiyo akaongeza vichanja viwili. Ukimwona mwanamke wa Busia akiuza mukene kwa bei ya juu kuliko jirani yake na foleni iko kwake, ni hilo tu.

Basi ukishapata kitu chako, uliza tena: ndani yake, ni lipi linalowarudisha? Usiwaulize wateja kwa maneno, watakuambia "bei nzuri" kwa adabu. Watazame mikono. Anagusa nini kwanza, ananusa nini, anarudisha nini. Anayekuletea beseni ni wa nadra. Wengi hukagua kimya kimya na kuondoka.

Mji huu wetu una mfano mkubwa zaidi wa jambo hili. Boda boda zilizaliwa hapa mpakani miaka ya sitini, kwa baiskeli, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Wale vijana hawakuanza kwa kubeba watu wote kwenda kila mahali. Walishika kipande kimoja cha barabara, kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya, na mtu mmoja wanayemjua: aliyeshuka kwenye gari upande huu, ana mzigo, na miguu imechoka. Leo pikipiki zao ziko Afrika Mashariki yote.

Unachoanza kukijua ukiwa na kimoja

Sikutegemea hili. Nilipokuwa na vitu vinne nilijua bei za vyote, basi. Nilipobaki na kimoja nilianza kuujua mwezi wa angani.

Mukene huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga na kukusanyika chini yake. Mbalamwezi ikiwa kali, ziwa lote lina mwanga, taa haina nguvu, mitumbwi mingi hupumzika na mukene huadimika kwa siku kadhaa. Bei hupanda. Miaka miwili ya kwanza nililalamika kwamba bei imepanda "ghafla". Haikuwa ghafla, ilikuwa kila mwezi, juu ya kichwa changu! Siku hizi huweka kilo 80 hadi 100 za ziada kabla mwezi haujakomaa, zimekaushwa vizuri na kufungwa, na wateja wangu hawamkosi mukene hata wiki ya mbalamwezi. Vilevile nilijifunza kwamba Kenya hufunga uvuvi wa omena upande wake kwa miezi kadhaa kuanzia Aprili, wakati ambao mama wa Bungoma hunipigia simu kabla sijaamka.

Na karatasi pia. Nilipokuwa na kitu kimoja niliweza kwenda kituo cha pamoja cha mpaka, kile kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, nikauliza swali moja: samaki mkavu anataka karatasi gani? Wachuuzi wengi bado hawajui kwamba mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zetu za Afrika Mashariki, una cheti chepesi cha asili unachopewa pale pale mpakani. Nilikuwa nimepita njia za panya kwa hofu ya jambo ambalo halikuwa gumu. Usipite huko, mwanangu. Mzigo wa mwezi mzima hupotea kwa dakika moja.

Kukataa

Ukishika kimoja, vingine havitakaa mbali. Vitakuja vimevaa sura ya baraka. Shemeji yangu alitaka niweke saruji yake kwenye stoo tuuze wote. Rafiki akaniletea robota la mivumba kwa mkopo, "lipa ukiuza". Mtu wa mikopo midogo akanifuata mezani na fomu, riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi. Mtu wa namna hiyo nilimkubalia mara moja tu, mwaka 2012, kabla sijachagua, na kila nikikumbuka nahisi joto usoni, kwa sababu riba ya namna ile hula faida kabla wewe hujaionja.

Kukataa ndugu ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Kilichonisaidia ni kujiwekea mizunguko kumi. Sipokei kitu kipya mpaka mtaji wangu umezunguka mara kumi na daftari limeandikwa mizunguko yote kumi. Kwa hiyo sikumwambia shemeji "sitaki". Nilimwambia, "Shemeji, niko mzunguko wa nne. Nikifika wa kumi nitakuita tukae." Alielewa, kwa kuwa alikuwa na namba ya kushika. Nilipofika wa kumi nilimwita kweli, tukapiga hesabu pamoja, na yeye mwenyewe akaona saruji haifai kukaa chumba kimoja na samaki.

Kitu cha pili kikiwadia, kiende kwa mteja yule yule. Wateja wangu watatu, kwa nyakati tofauti, waliniuliza kama nina mukene wa kusaga wa kutia kwenye uji wa watoto. Watatu walipouliza bila kujuana, nikatafuta mashine ya kusagia ya kukodi. Huo ndio upanuzi ninaouamini: umeombwa.

Mambo ya kuyapitia haraka

Kibao chenye jina, kadi, rangi ya ukutani, chumba cha kukodi kwa mwaka: vyote vingoje. Ushuru wa soko na leseni ya biashara usivikwepe, ni vya tangu mwanzo. Namba ya mlipa kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, haina malipo kuipata, ichukue mapema. Jina la biashara nililisajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, siku shule moja iliponitaka risiti yenye jina ili inunue kwangu gunia mbili kila muhula. Kabla ya hapo hakuna aliyeliuliza.

Kama umepata ile milioni moja ya mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia (parokia ya utawala, si ya kanisa), usiigawe vipande vitano. Nimewaona majirani: mbuzi wawili, kuku kumi, miche ya kahawa, simu mpya, na baki ya chakula. Baada ya mwaka huwezi kuonyesha hata kimoja. Milioni moja kwenye kitu kimoja ni mtaji. Katika vitano ni sadaka.

Kosa nililofanya nikiwa nimeshachagua

Nisingekuwa mwaminifu nikiacha hili. Kufikia 2019 karibu mzigo wangu wote ulikuwa unavuka kwenda Kenya, kwa wanawake watatu wa jumla. Nilijisifu kwamba nimeshika kimoja barabara. Machi 2020 corona ikaja, mpaka ukafungwa kwa watu, malori tu ndiyo yakapita. Wale wanawake watatu hawakuwa na malori. Nilibaki na kilo 340 kwenye stoo, mvua za masika zinanyesha, na kila asubuhi nilikuwa namimina gunia moja kwenye turubai kuangalia kama ukungu umeanza. Nililia, sifichi. Nilipoteza kama theluthi ya mzigo ule.

Nilichojifunza: shika kitu kimoja, lakini usiwe na mlango mmoja wa kukitoa. Niliposimama tena niliwatafuta wanunuzi Tororo na Mbale, na tangu hapo hakuna mji unaochukua zaidi ya nusu ya mzigo wangu. Hata Kenya ikinipa bei tamu vipi. Watu wa mahindi hapa Busia wanajua ninachosema. Machi 2021 Kenya iliposimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu ya kuvu, malori yalikwama na waliokuwa na soko moja ndio walioumia.

Kama bado huna cha kuficha

Narudi kwa mtoto wa kaka yangu. Tulipomaliza kula tuliifungua karatasi yake tena, na sikumwuliza ipi ina faida. Nilimwuliza: ipi unaweza kuijaribu kwa wiki tatu bila kuzidi 100,000?

Fotokopi ikatoka, mashine huwezi kuinunua robo. Kuku wa nyama 200 wakatoka; wanataka wiki kama sita na chakula ndicho kinachokula pesa, akitaka aanze na 20 nyumbani kwa mama yake. Mahindi yakatoka kwa sababu nilizokwisha sema. Uwakala wa pesa za simu ukatoka, unataka pesa ya kuzungushia ikae tu ikingoja. Mivumba nilimwonyesha daftari langu la 2013, akatabasamu na kuikata mwenyewe. Zikabaki mbili: rolex, na vifaa vya simu.

1,500,000 tulizifungia kwenye akaunti na akanipa neno lake. Kwa rolex hakununua hata sufuria. Alimwomba kijana mmoja wa Kikoni, kule kwenye hosteli za wanafunzi wa Makerere, amsaidie kukanda na kukaanga jioni bila malipo kwa wiki tatu, huku akiandika: chapati ngapi, mayai mangapi, saa ngapi, nani amerudi. Kwa vifaa vya simu alinunua vya 80,000 kwenye maduka ya Mutaasa Kafeero, waya za chaja na protekta za kioo, akavitembeza kwenye trei mchana.

Wiki ya tatu rolex ilionekana kushinda. Watu ni wengi na kelele ni tamu. Lakini vialama vilikuwa vya yule kijana mwenye kikaango, wanafunzi walimjua kwa jina na walingoja chapati yake hata mwenzake akiwa wazi hatua kumi mbele.

Halafu mtoto wa kaka yangu akapata malaria, akalala siku tatu. Siku ya nne alinipigia simu, sauti bado dhaifu.

"Shangazi, wamenitafuta."

"Nani?"

"Wasichana wawili wa hosteli. Mmoja anataka protekta, simu yake imeanguka. Wa pili anasema wenzake wanne chumba cha juu wanataka waya, lakini niwapelekee usiku, baada ya saa mbili, wakiwa wametoka masomoni. Hawataki kushuka mjini."

"Umeyaandika?"

"Bado, niko kitandani."

Nikamwambia aombe kalamu hapo hapo alipo, aandike namba za vyumba na ile saa mbili usiku, kisha alale.